Andika Sifuri Kumaliza

Umeme haukuhusika. Kwa miaka mingi nimesema ulihusika, na kila mtu aliyewahi kuishi Nachingwea alinikubalia kwa kichwa. Ulikuwa uongo mzuri. Siku hizo umeme wetu ulitoka kwenye mashine za mafuta, ulikuja na kuondoka bila kuaga, na aliyeusingizia jambo lolote alikuwa ameshinda kesi kabla haijasikilizwa. Lakini ile orodha ya wakulima wasio na mkorosho hata mmoja haikuliwa na umeme. Niliiua mimi, kwa mstari mmoja wa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai ya rangi mkononi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, nimesoma kompyuta, na nimerudi nyumbani kusubiri kazi ambayo nilidhani ilikuwa ikinisubiri mimi. Haikuwa inanisubiri. Badala yake nilipata kibarua cha miezi mitatu kwenye mradi mmoja wa kugawa miche ya mikorosho, ile ya kubebeshwa kikonyo cha mti mwingine, inayozaa mapema, kwa vijiji vya Nachingwea na Ruangwa. Mradi ulikuwa na kitalu, lori moja, mkuu mmoja, karani mmoja, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

Kanuni ya mradi ilikuwa rahisi. Kwanza wapewe wasio na mkorosho hata mmoja. Kisha wenye michache. Wenye mingi wasubiri. Miche ya kundi la kwanza ilitengwa upande wake kitaluni, chini ya makuti, na ilikuwa imefungiwa kamba ili mtu asijisahau. Fomu zilijazwa na watendaji wa vijiji vya Chiola, Kiegei, Nkowe na kwingineko. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza programu ya kuingiza fomu hizo na kutoa orodha, kuanzia asiye na kitu hadi mwenye shamba lisiloonekana mwisho.

Nilitengeneza kile nilichofundishwa: dirisha jeusi, maandishi meupe, swali moja baada ya jingine. Jina. Kijiji. Idadi ya mikorosho. Halafu inarudi juu, inauliza tena. Kitu kinachouliza bila kuchoka lazima kiwe na njia ya kunyamazishwa, na mhadhiri wetu alitufundisha njia ya zamani kabisa: chagua jibu moja ambalo mtu wa kweli hawezi kulitoa, ulifanye kuwa ishara ya kumaliza. Alilirudia hilo mara nyingi. Jibu ambalo mtu wa kweli hawezi kulitoa.

Nikakaa nikafikiri, kwa muda wa kumeza funda moja la chai. Mtu gani wa Nachingwea hana mkorosho? Mimi nilikulia pale miaka ya tisini, kwenye nyumba za walimu, na hata sisi tuliokuwa tukiishi kwa chaki tulikuwa na mikorosho upande wa Chiola. Mama yangu alikuwa nayo. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa nayo. Nilikula mabibo mpaka nguo za shule zikawa na madoa yasiyotoka. Basi nikaandika: kwenye idadi ya mikorosho, andika sifuri kumaliza. Programu iliyotengenezwa kuwatafuta wasio na mkorosho ikawa inafunga mlango kila inapomwona mmoja wao. Sikuliona hilo. Nililiona neno langu zuri la kumalizia likimeremeta kwenye kioo cha kompyuta: Asante, kwaheri.

Mahali pengine nilikuwa mwangalifu mno. Mtu akiandika herufi mahali pa tarakimu, programu haikuanguka. Ilimkatalia na kumuuliza tena. Akiandika namba iliyo chini ya sifuri, ilimkatalia. Akiandika mikorosho elfu hamsini, ilimuuliza kama ana hakika. Niliipima kwa kila upuuzi nilioweza kuuwaza, ikahimili. Nilijivuna sana. Nilimkinga mkulima mwenye mikorosho elfu hamsini, ambaye hakuwepo, nikamwacha mlangoni yule aliyekuwepo.

Karani wa ofisi alikuwa mama mmoja wa Kimwera aliyekaribia kustaafu. Alikuwa amepiga chapa katika ofisi za serikali tangu mimi sijazaliwa, na vidole vyake viligonga vitufe kwa nguvu ya mtu anayejua kuna karatasi ya kaboni chini. Aliniita mwanangu, na nilimwamkia kila asubuhi kwa kuinama kidogo, halafu nikamfundisha kazi kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nikikumbuka sauti ile natamani kuizima.

Fomu ya kwanza aliyoichukua kwa majaribio, mtendaji alikuwa ameandika idadi kwa maneno. Naye akaingiza kwa maneno: kumi na mbili. Kioo kikamjibu kwa herufi kubwa: UMEKOSEA! ANDIKA NAMBA!

Aliangalia kioo. Akanyanyuka, akaenda kwenye mtungi, akanywa maji taratibu, akarudi, hakukaa.

"Hiki kitu chako kinanitukana."

"Hakijatukana, mama. Kinasema tu umekosea."

"Nimekosea nini? Kumi na mbili si namba?"

"Ni namba, lakini kinataka tarakimu."

"Basi kiseme kinataka tarakimu. Mtoto wa nyumba ya nani huyo, anamwambia mtu mzima umekosea, tena kwa kelele?"

Nilibadilisha. Kuanzia siku hiyo programu ilisema: Samahani mama, naomba idadi kwa tarakimu. Mkuu wa mradi alipoijaribu na kukosea makusudi, kioo kikamwita mama, na akacheka mpaka akavua miwani. "Binti," alisema, "hii mashine yako ina heshima kuliko wewe."

Jambo la pili lilikuwa kuondoka. Huku kwetu mtu haondoki kwa neno moja. Anasema naona jua linapanda. Mwenyeji anasema mbona mapema. Mgeni anasema tumekaa sana. Mwenyeji anasimama, anamsindikiza mpaka njiani, na huko njiani mazungumzo yanaanza upya. Yule mama alifanya kazi na kompyuta kwa tabia hiyo hiyo. Alipomaliza siku ya kwanza, programu ilikuwa inauliza jina, naye akaandika: Haya mwanangu sisi tumemaliza tunakwenda. Programu yangu, ambayo kwenye jina haikukataa kitu isipokuwa nafasi tupu, ilimpokea kama mkulima, ikauliza kijiji chake.

"Mama," nikasema, "kompyuta haiagwi. Unaandika jina lolote, kijiji chochote, halafu kwenye mikorosho unaandika sifuri. Imekwisha."

"Jina lolote? La uongo?"

"Halihifadhiwi. Jina linahifadhiwa baada ya idadi. Ukiandika sifuri, linaachwa."

"Sifuri ndiyo kwaheri ya huko chuoni kwenu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Na mtu akiwa nayo hiyo sifuri yenyewe?"

Nataka msomaji aelewe kwamba niliulizwa. Sikusingiziwa, sikuviziwa. Niliulizwa kwa Kiswahili safi, na mtu aliyekuwa na robo tu ya shule yangu, kabla fomu ya kweli haijaingizwa hata moja. Nilijibu nini? Nilijibu, "Mama, nani huku hana mkorosho?" Nikafunga mkoba nikaenda kula.

Akaingiza fomu kwa wiki mbili na zaidi. Mimi nilikuwa kitaluni nikihesabu miche, kazi isiyohitaji shahada lakini yenye kivuli. Jioni nilipita kuchukua faili. Sikumuuliza chochote, wala hakusema chochote, ila siku moja alisema programu ina tabia ya kukasirika na kujifunga, akalazimika kuifungua upya, nayo kwa kufunguka ilikuwa mvivu kuliko mzee aliyeitwa kwenye mkutano. Nikasema labda ni umeme. Ndiyo mara ya kwanza niliutaja.

Orodha ikatoka. Nilichapisha kichwa cha habari kwa herufi nene: Kaya zisizo na mkorosho. Chini yake programu, kwa uaminifu wote, iliandika: Hakuna.

Mkuu alifurahi kuliko ilivyostahili. Alikuwa mtu mwema, lakini mwema wa ofisini, anayependa habari zinazokaa vizuri kwenye barua. Aliwaandikia wakubwa wa Lindi siku hiyo hiyo kwamba wilaya zetu mbili zimevuka hatua ya kukosa kabisa mikorosho, na kwamba miche iliyotengwa kitaluni inaweza kupelekwa wilaya nyingine. Jibu likaja: lori lipakie Alhamisi.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja mwanamke mmoja kutoka Nkowe. Alikuwa amebebwa na baiskeli ya jirani sehemu ya njia, sehemu nyingine alikuwa ametembea, na kanga yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Watu wake walitoka Msumbiji, Wamakua, wakapewa kipande cha ardhi Nkowe, kizuri cha mtama na ufuta lakini kitupu. Alikuwa na watoto wanne. Huku mtu akiulizwa anakaa wapi, anaonyesha mikorosho yake; yeye alikuwa amekaa pale miaka kumi na mbili na bado aliitwa mgeni. Mtendaji alimwambia yumo kundi la kwanza, achimbe mashimo. Alichimba thelathini. Mvua zilikuwa zimeanza. Sasa alisikia miche inaondoka.

Nilimtafuta kwenye orodha, nikampata. "Uko hapa, dada. Una mkorosho mmoja."

"Nina nini?"

"Mkorosho mmoja."

Alimgeukia karani, akanigeukia mimi. "Dada, naomba unielekeze ulipo."

"Samahani?"

"Huo mkorosho. Mimi shamba langu nalijua, nimelima kila pembe. Kama hiyo kompyuta imeuona, iniambie uko upande gani nikaokote korosho. Msimu umepita tunakula mboga tupu, kumbe tuna mkorosho!"

Wanaume wawili waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Uuze huo, shemeji, ununue baiskeli." Yeye hakucheka. Alisema mashimo yake yameanza kujaa maji na watoto wanayarukaruka kama mchezo, na kama miche haiji ni bora aambiwe, ayafukie kabla mbuzi wa watu hawajavunjika miguu akapata kesi juu ya ugeni.

Karani ndiye aliyesema. Hakunyanyua sauti. "Huo mkorosho nilimpa mimi."

Alieleza bila haya yoyote. Mara za kwanza alipoandika sifuri, kompyuta ilimwambia asante kwaheri na yule mtu akapotea. Akaingiza tena, akapotea tena. Akaona si haki mtu afukuzwe kwa sababu ya kukosa. Alipoandika moja, alikaribishwa. Basi kila asiye na kitu akampa mkorosho mmoja. "Nikasema mmoja si mingi," alisema. "Hauwezi kumzuia mtu kupata miche. Angalau aingie ndani kwanza."

Nilijua papo hapo. Nilihisi kama mtu aliyekaa kwenye kiti akagundua ndicho alichokuwa anakitafuta. Ningeweza kusema: kosa langu. Ni maneno mawili. Badala yake nilikwenda chumba cha mkuu, aliyekuwa anafunga begi kwenda Lindi kwenye kikao, nikamwambia orodha ina hitilafu. Akauliza hitilafu ya nini. Nikafungua mdomo, nao ukasema: "Umeme, mkuu. Ulikatika, taarifa zikaharibika."

Akafikiri. Alikuwa na haki ya kufikiri. "Zimeharibika zote?"

"Baadhi."

"Zipi?"

"Za wasio na mkorosho."

"Umeme ulichagua maskini?"

Akasema nilete orodha sahihi kabla ya Alhamisi, akaondoka na gari la asubuhi.

Mchana huo nilirekebisha programu, kazi ya nusu saa. Sifuri ikawa jibu kama majibu mengine. Ya kumalizia ikawa neno: FUNGA, na hata hapo programu ilikuuliza kwanza, una hakika unataka kufunga? Karani alipoliona swali hilo alisema, "Sasa kimefundishwa kusindikiza watu." Kisha tukakaa, yeye akisoma fomu, mimi nikiandika, kwa sababu alisema vidole vyangu havina staha lakini vina mbio. Tuliingiza fomu zote upya, mchana na usiku. Tulipofika kwenye sifuri ya kwanza nilisita, nikabonyeza, na kioo kikauliza jina linalofuata kwa utulivu kabisa. Zilifuata nyingine. Kulikuwa na kurasa nzima za Nkowe, sifuri chini ya sifuri. Kiegei zilikuwepo. Hata Chiola, nyuma tu ya mikorosho ya mama yangu, kulikuwa na watu tisa ambao nilikula mabibo utoto wangu wote bila kujua kwamba wananitazama.

Siku zote hizo mbili umeme haukukatika hata dakika moja. Nadhani ulikuwa umesikia.

Jumatano saa nane mchana tulikuwa na orodha. Mkuu alikuwa Lindi na lori lilikuwa limeegeshwa kitaluni, turubai limekunjwa. Nilikuwa na simu ya mkononi, mpya, niliyoinunua Dar, na mtandao ulishika mahali pamoja tu: nyuma ya ofisi, juu ya jiwe lililokuwa kando ya tangi la maji. Nilipanda. Karani akasimama chini yangu. Yule mwanamke wa Nkowe, aliyelala kwa ndugu zake Nachingwea siku mbili akisubiri, alisimama kando ya tangi na mikono yake ikiwa imekunjwa.

Mkuu akapokea. Nikamwambia orodha mpya iko tayari, wasio na mkorosho wapo wengi, tunaomba lori lisipakie.

"Binti, ya kwanza ilisema hakuna. Hii inasema wengi. Umeme umekatika mara ngapi tangu Jumatatu?"

"Haujakatika, mkuu."

"Leo. Na kesho ukikatika nitapata orodha ya tatu? Mimi niko hapa na wakubwa. Nimeshawaandikia. Niwaambie nini? Kwamba nilikuwa na orodha mbaya ya umeme, sasa nina nzuri ya umeme? Nitajuaje ipi ni ipi?"

Hilo ndilo lililokuwa limeufuata uongo wangu. Kama kosa lilikuwa la mtu, mtu angeweza kulisahihisha na kusema nimesahihisha. Kosa la umeme halina mwenyewe, kwa hiyo halina mwisho. Nilisema, "Mkuu, hii ni ya uhakika," na nilisikia sauti yangu ikiwa nyembamba kama ya mwanafunzi asiye na daftari. Akasema lori lipakie kama lilivyopangwa, mengine tutayaona akirudi.

Karani alinigusa mguu. "Nipe."

Nilishuka nikampisha, akapanda kwa kunishika bega, akaibandika simu sikioni kichwa chini. Nikaigeuza. Mkuu, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, lazima alimwamkia, maana yeye alianza kwa kusema: "Marahaba, baba. Habari za huko? Na wenyeji hawajambo? Sisi wazima. Mvua ipo." Yule mwanamke wa Nkowe alifumba macho. Vocha yangu ilikuwa inateketea kwa salamu.

Kisha akasema: "Baba, umeme hauna kosa. Ni mimi. Ile orodha ya kwanza niliiandika kwa mkono wangu. Kila penye sifuri niliweka moja. Ndiyo. Kwa makusudi. Niliona sifuri haipendezi. Fomu ninazo hapa, sahihi za watendaji zipo, ukirudi utaziona, sifuri zote ziko pale pale kwa wino. Hao watu hawana kitu, baba, na mmoja wao yupo hapa amesimama."

Akasikiliza. Mkuu alisema mengi. Sura ya karani haikubadilika. Ilikuwa sura ya mtu anayesubiri wino ukauke.

"Ndiyo, baba, nimesikia. Barua ya onyo andika, nitaipiga chapa mwenyewe." Akasikiliza tena. "Binti? Binti alifanya kazi yake. Kitu chake hakina tatizo."

Uso wangu ulikuwa usawa wa kiuno chake. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na mimi nilikuwa na maisha mazima ya kuandika vitu vyenye jina langu. Akaniteremshia simu. "Anataka kusikia kwako."

"Binti," mkuu alisema, na nyuma yake nilisikia viti vikivutwa, kikao kikianza. "Ni kweli? Ni yeye aliyeweka moja?"

Yule mwanamke alikuwa amefumbua macho ananitazama mimi, si karani.

"Ndiyo, mkuu," nikasema. "Ni yeye."

"Basi mwambie dereva asipakie. Kesho aanze Nkowe."